Siku Niliyokwenda Kuposa na Kiko cha Gunzi

Nalisema mwenyewe leo, kwa kinywa changu, maana likisemwa na watu wa kijiji cha Wambaa hutiwa chumvi, na wallahi jambo lile halihitaji chumvi. Watu huaibika kwa kuiba, wengine kwa kufumaniwa, na hao angalau walipata kitu kabla ya aibu kuwafika. Mimi niliaibika mbele ya wazee, mbele ya mtu niliyetaka awe mkwe wetu, na mbele ya wanawake wa mtaa mzima waliojazana nyuma ya pazia, kwa sababu ya gunzi la mahindi. Gunzi, jamani. Kitu ambacho hata mbuzi hukifikiria mara mbili.

Habari yenyewe ilianza na Hamadi, mdogo wangu, aliyempenda Rukia wa Wambaa mpaka akawa chakula hakimpiti (na Hamadi ukiona hali, ujue kuna msiba). Baba yetu alikwishatangulia mbele ya haki, ami yetu Kombo ana pumu, akisema maneno matano anakohoa kumi, kwa hiyo kazi ya kwenda kusema kwa wazazi wa mke ikaniangukia mimi, Makame, mtoto wa kwanza, muuza chaja na vioo vya simu pale Wete. Sasa Mzee Faki, babake Rukia, alikuwa keshawarudisha wachumba wawili, mmoja kwa kosa kubwa la kwamba msemaji wao alichekacheka, na Hamadi akanishika mkono akaniambia, "Kaka, na mie nikirudishwa, Rukia anaozwa Unguja. Keshaniambia mwenyewe." Hapo nikaona nimebebeshwa dhamana. Nikenda nikajitazama kwenye kioo: ndevu tatu, mabega ya mwanafunzi, sauti ndiyo hii mnayoisikia. Nikajua kinachonipungukia ni haiba.

Mwenye akili angekwenda kwa shehe akafundishwa maneno ya posa. Mimi nikaingia kwenye simu. Huko nikamkuta mzee wa Kizungu, ndevu mpaka kifuani, amekaa kwenye kiti cha kubembea na kiko cha gunzi la mahindi mkononi, anavuta taratibu na kuzungumza, na kila akitoa moshi unaona kabisa kwamba huyu hata angeposa binti wa mfalme angepewa siku hiyohiyo. Nikatazama video zake zote, simu za watu zimelala mezani hazijatengenezwa. Nikajifunza kuchagua kiko: gunzi liwe kavu na nene, tundu la moshi litokee chini kabisa na si ubavuni, mrija ukae imara usichezecheze, na ukikinusa kisinuke gundi. Yeye anasema kiko cha gunzi ndicho kinachomfaa anayeanza, ni chepesi, hakiunguzi mkono, na moshi wake una utamu wake. Nikasema basi, haiba nimeshaipata, imebaki kwenda kuinunua.

Na kiko cha gunzi Pemba utakipata wapi kama si kwa Mzee Jivan, Mhindi wa dukani Wete, ambaye kitu chochote ambacho dunia imeshakiacha, yeye anacho. Akanitolea vitatu kutoka kwenye kabati la kioo, vimejaa vumbi. Nikajifanya mjuzi; nikavipima kwenye kiganja, nikavinusa, nikavipuliza, nikachungulia matundu kwa jicho moja, na kimoja nikakikataa kwa sababu "ukuta wake mwembamba" (Mzee Jivan alivua miwani akaifuta). Mwisho nikachagua kile chenye rangi ya asali na mrija mweusi, nikauliza tumbaku ya kiko.

"Ya kiko hamna, bwana," akasema. "Zamani ilikuwapo, wavutaji wenyewe wamekufa. Ipo hii ya majani, wanayotia wanawake kwenye tambuu. Lakini kali hii. Na moshi wa kiko humezi, bwana. Unauzungusha mdomoni, unautoa."

Nikacheka kicheko cha mtu aliyekwishasoma. Mzee wa video hakutaja habari ya kumeza wala kutokumeza (au alitaja, maana Kiingereza chake nilikuwa nakipata nusunusu), tena mimi skuli nilikuwa nikivuta sigara kwa siri, nani wa kunifundisha moshi? Nyumbani, mke wangu Mwanaisha akakigeuzageuza kile kiko, akaniuliza, "Hili si gunzi?" Nikamwambia gunzi, lakini la ng'ambo. "Na umelitolea pesa?" Nikajifanya natafuta kiberiti. "Na mahindi yake kala nani?"

Mpango wangu ulikuwa wa adabu kabisa. Sitovuta mbele ya wazee, haya ninayo. Nitavuta kidogo kabla, roho itulie, kisha nikiingia kiko kitakaa kwenye mfuko wa koti juu ya kanzu, mrija unachungulia, wajue wenyewe wamejiwa na nani. Basi tukafika Wambaa, mimi na Ami Kombo, baada ya sala ya alasiri, tukaambiwa Mzee Faki bado yuko shamba, tukae barazani tumngoje. Ami akakaa. Mimi nikasema nanyoosha miguu, nikazunguka nyuma ya nyumba penye kibanda cha karafuu, nikakaa juu ya jiwe, nikakishindilia kiko tumbaku ya tambuu mpaka ukingoni (sikuwa bahili), nikawasha.

Nisiseme uongo, mivuto ya mwanzo ilikuwa mitamu. Gunzi lilipopata moto likatoa harufu ya mahindi ya kuchoma, moshi ukapanda, nikakunja nne, nikajisemea moyoni, kumbe utu uzima wenyewe ndio huu na watu wanatuficha. Basi nikaumeza ule moshi mpaka kitovuni, nikautoa kwa pua, nikaumeza tena, na tena, kiko kizima mpaka kikabaki jivu. Ndipo nikakumbuka harufu. Huwezi kuingia kwa wakwe unanuka tumbaku. Pale chini palikuwa na karafuu kavu zilizomwagika, nikaokota konzi nzima nikatia kinywani nikatafuna. Mimi nimezaliwa Pemba, nimekulia kwenye karafuu, mama yangu alikuwa akitutia karafuu kwenye jino bovu ili fizi ife ganzi, lakini elimu yote hiyo siku ile iliondoka na moshi.

Nikasikia naitwa, Mzee Faki amefika. Nikainuka, na ardhi ikainuka na mimi.

Ndani mlikuwa na mkeka mpya, Mzee Faki na mzee mmoja jirani yake, na katikati sinia la halua lililofunikwa kawa nzuri ya rangi. Mlango wa chumba una pazia, na nyuma ya pazia minong'ono. Nikakaa. Chumba hakikukaa. Jasho linanitoka mpaka kwenye vidole, midomo siisikii kama ipo, ulimi umelala kama wa mtu mwengine, na wazee wote wamenikazia macho wanangoja maneno mazito. Nikaanza na Alhamdulillahi, ikatoka vipande, na mate yakanidondoka kwenye kanzu. Nikajikaza.

"Mzee wetu," nikasema, na sauti yangu naisikia inatoka mbali, "tumekuja kutaka udugu. Tunamposa... tunamposa binti yenu... Mwanaisha."

Mzee Faki akasema polepole, "Nyumba hii hamna Mwanaisha."

Ami Kombo, ambaye maisha yake yote anakohoa isipokuwa dakika ile, akajibu vizuri kabisa, "Mwanaisha ni mkewe huyu."

Nyuma ya pazia mtu mmoja akaangua kicheko, akazibwa mdomo. Mzee Faki akanisogelea, akanusa. "Karafuu," akasema. Basi tu, neno moja. Na Pemba nzima inajua mtu mzima anayetafuna karafuu konzi nzima ametoka kunywa nini. Yule mzee jirani akajivuta nyuma kwenye mkeka. "Astaghfirullah! Kombo, mmetuletea mlevi?"

Nikataka kuapa kwamba sijanywa, nikafungua kinywa, na kilichotoka si kiapo. Nilikamata kilichokuwa karibu, nacho ni ile kawa. Sasa kawa, kama mnavyojua, imesukwa kwa ukili ili ifunike chakula. Aliyeisuka hakuwa na nia ya kuhifadhia maji. Habari ya halua iliyobaki wazi pale chini sitoisema, wengine mmetoka kula. Na katika kule kuinama kiko kikachomoka mfukoni, kikabingirika kikamwaga jivu mpaka kwenye goti la mzee jirani, akakitazama, akapiga kelele ya kusikika pwani: "Bangi! Na bangi anavuta!"

Kwa hiyo niliingia msemaji, nikawa mlevi, na halua haijapoa nikawa mvuta bangi. Mnacheka, sawa, chekeni. Lakini pale nikamkumbuka Hamadi yuko Wete na simu mkononi anangoja nimpigie, na hapo ndipo niliposikia uchungu wa kweli. Aibu yangu ningeibeba mwenyewe. Lakini nilimuona Rukia anapanda boti kwenda Unguja, na mimi ndiye niliyemkatia tiketi.

Pazia likafunuliwa, akatoka Bi Mize, mama yake Mzee Faki, bibi mfupi, shavu moja limejaa tambuu. Hakunitazama. Aliokota kiko, akachokoa ndani kwa kidole cha mwisho, akanusa, kisha (mnisadiki) akaramba.

"Bangi wapi!" akasema. "Tumbaku hii, tena hii nitafunayo mie. Ntu kalewa tumbaku huyu." Akainama. "Mwanangu, umemeza moshi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wote?"

"Wote, bibi."

Bi Mize akacheka mpaka ikabidi akae kitako, na pazia zima likacheka naye, wakanipa maji ya ndimu na chumvi huku wakicheka, wakanipepea huku wakicheka. Mzee Faki peke yake hakucheka. Alingoja niweze kusimama, akasema, "Haya, mchukueni mgonjwa wenu." Habari ya posa hakuigusa, ndiyo wala siyo. Njiani Ami Kombo alikohoa kutoka Wambaa mpaka Chake, na mimi nimelala kiti cha nyuma, sikuweza kujua anakohoa au anafanya jengine.

Hamadi hakuniuliza kitu, habari ilikuwa imeshafika Wete kabla ya gari yetu. Alinitazama tu akaingia ndani. Siku zilizofuata akawa ananitolea salamu na kupita, salamu ile ya kumpa mtu usiyemjua, na mimi nasema kweli, nililia, mwanamume mzima, nimeinamia meza yangu ya chaja na mteja amesimama anataka kioo.

Kisha jioni moja Mzee Faki akampigia simu ami yetu. Mimi nilikuwapo, nikaisikia sauti yenyewe.

"Kombo, yakhe, nimeambiwa siku ile mlikuja kwangu mkanikosa. Nisameheni, nilikuwa shamba. Njooni Ijumaa, n'takuwapo."

Nikadakia, "Lakini si tulimkuta!" Ami Kombo akanipiga jicho ambalo halina pumu. "Naam, Mzee Faki," akasema, "tulikukosa. Ijumaa inshallah."

"Na yule kijana wenu wa chaja," Mzee Faki akaongeza, "msimsumbue. Mwacheni apumzike."

Ndipo nikaelewa. Mzee yule niliyekuwa nikimuogopa kwa ukali wake alikuwa ameikunja siku nzima ile, na mimi ndani yake, na kawa ndani yake, akaiweka pasipoonekana. Haikuwapo. Kutusitiri alitusitiri kweli, na aibu ya kusitiriwa na mtu uliyemtapikia mkeka ni nzito kuliko ya kutukanwa. Ijumaa wakaenda bila mimi, Ami Kombo akasema maneno yake matano, na Mzee Faki akakubali kabla kikohozi hakijaisha. Leo Rukia ni shemeji yangu, amemnenepesha Hamadi, na kiko amekibakiza Bi Mize, kila nikienda kuwasalimu namkuta ukumbi wa nyuma anakivuta kwa raha zake, bila hata kukohoa, ananiambia, "Makame, njoo nikufundishe."

Sitaki kufundishwa. Kiko sitokitia kinywani tena hata kichongwe kwa dhahabu, na posa ya mtu yeyote nitakwenda kula tu, nikae mwisho wa mkeka, nifunge mdomo, maana nilichojifunza ni kwamba mtu ukipewa jambo la mwenzio ulipeleke na uso wako huohuo ulionao, wenye kukutuma wameshauona. Na mkipita Wambaa mkamkuta mtu anahadithia kisa cha msemaji wa Wete, msibishane naye, mwacheni amalize. Mimi mkiniuliza nitawaambia ukweli kama ulivyokubaliwa na wazee: siku ile Mzee Faki alikuwa shamba, na mimi sikuwapo.