Neno Alilolikata Bushira

Hakuna kitu kilichomuudhi Bushira kama kuambiwa, "Mama, tukatie hii maneno." Angeweka chini kitenge alichokuwa anakikunja, amtazame msemaji usoni, kisha aseme, "Mi si juji. Juji eko Fizi. Mi niko hapa juu ya ninyi musikilizane."

Na kweli alikuwa na kipaji cha kuwafanya watu wasikilizane. Kazi hiyo hakuisomea. Aliianza ukimbizini Tanzania, akiwa msichana, kwenye foleni za maji ambako wanawake walishikana nguo kwa sababu ya ndoo. Aliporudi kwao Baraka, ng'ambo ya ziwa, na mumewe, mji ulijaa waliorudi na waliobaki, na kila kiwanja kilikuwa na wenyewe wawili. Bushira alikuwa Mwislamu wa kando ya ziwa, muuza vitenge tu, lakini Wakatoliki na Waprotestanti wa milimani walimwita vilevile, kwa kuwa hakuwa na haraka, na aliyoyasikia yalibaki kwake. Alimketisha kila mmoja peke yake kwanza, akamwacha aseme mpaka atukane, mpaka alie, mpaka achoke. Akishachoka, ndipo alipomwita wa pili. Mumewe alifariki, binti zake wakaolewa Kigoma, naye akabaki na meza yake ya vitenge na kazi hiyo ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya.

Kisha vita vikarudi milimani, na barabara ya kupanda Fizi mahakamani ikawa ya kwenda bila uhakika wa kurudi. Kesi zikaanza kusikilizwa kwa simu. Chama cha wanawake wa soko kilikuwa na chumba chenye umeme wa jua. Simu iliegemezwa kwenye kopo la maziwa, na jaji akaonekana humo, mdogo kama picha ya kitambulisho. Bushira hakuipinga simu. Iliwaepusha watu na risasi. Ila alisema, "Inanionyesha uso tu. Uso muntu anaweza kuutuliza. Mikono na miguu ndiyo inasema kama eko na hasira ao eko na woga."

Ndipo lilipofika shauri la Sifa.

Sifa alikuwa msichana wa miaka tisa, wa kijiji cha Swima. Mama yake, Clarisse, alifariki Sifa akiwa bado ananyonya. Baba yake, Darius, alikwenda Lubumbashi kutafuta maisha, akapata kazi katika gereji, akaoa tena. Mtoto akalelewa na bibi yake mzaa mama, ambaye Swima nzima iliendelea kumwita Mama Clarisse hata baada ya Clarisse kuzikwa. Bibi na mjukuu walilala kitanda kimoja, wakaanika ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja, na yule mtoto hakumjua mwingine zaidi ya huyo bibi, koko wake. Sasa Darius alimtaka binti yake. Wakili wake alifungua kesi. Jaji akaisikiliza kwa simu, akasema mambo ya mtoto si ya kushindana. Waende kwanza kwa yule mama wa Baraka. Wakielewana, yeye atatia sahihi.

Mama Clarisse alikuja kwa pikipiki, Sifa amebanwa katikati yake na dereva. Simu ikaegemezwa, Darius akatokea.

"Ule mutoto ni damu yangu," alisema. "Sikumutupa. Nilikosa pa kumuweka."

"Na sasa uko napo?" Bushira aliuliza.

"Niko napo. Huku atasoma. Kule bakimbizi ba Lubondja banalala mu madarasa, risasi zinalia pale juu. Munangoja nini, mama?"

Mama Clarisse hakuitazama simu. Alimjibu Bushira, kana kwamba Darius hayupo: "Mwambie kwamba Clarisse aliniachia huyu mutoto. Nikimutoa, siku tutakutana nitamujibu nini?"

Kwa desturi yake, maneno kama hayo yakishatoka, Bushira angenyamaza. Angewapa maji. Mara nyingi mmoja angeshusha pumzi, mwingine angelegeza mabega, naye angepata pa kupitia. Lakini katika simu, kimya kilifanana na mtandao uliokatika. Kila aliponyamaza, Darius aliita, "Alo? Alo? Munanisikia?" na kile kimya kilichokuwa kinaanza kuiva kikaharibika.

Alijaribu kuzungumza na Darius peke yake, lakini hakuweza kujua nani amesimama kando yake. Siku moja alisikia mtu akikohoa, na mwanamke akajitokeza. "Mama, mi ndiye Arlette, muke wa Darius. Mi sikatae mutoto. Aje." Sauti yake ilikuwa tulivu. Darius akaibeba simu, akamwonyesha Bushira chumba, kitanda, dirisha lenye pazia. Bushira alitazama vyote, akasema moyoni kwamba nyumba ya kuonyeshwa ni nyumba iliyokwisha kufagiliwa. Hakujua zaidi ya hapo.

Alimuuliza na mtoto, wakiwa wawili.

"Na we, mama, unataka wapi?"

"Kwa koko."

"Na papa?"

"Simujue. Namujua mu simu."

Vikao vikapita, mvua zikaanza, na hakuna aliyesogea. Mwishowe Darius akasema, "Mama Bushira, tumechoka. Ukate we. Neno utasema, mi nitalifuata, hata kama ni kumuacha huko."

"Nilikwisha kusema. Mi sikati maneno ya batu."

Mama Clarisse akamshika mkono. "Kata, ndugu yangu. Mi nakuamini, na mi pia nitalifuata."

Bushira alielewa alichoaminiwa. Mama Clarisse aliamini kwamba mjane hawezi kumpokonya mjane mwenzake mtoto. Na kama angekataa, kesi ingerudi kwa jaji ambaye hakuwahi kumwona Sifa. Akaitikia.

Alikwenda Swima mwenyewe kabla ya kusema neno. Alikuta shule imejaa mikeka na vyungu vya watu waliokimbia. Alimkuta Mama Clarisse akitwanga sombe, majani ya muhogo, anaacha, anashika ukuta, anakohoa ndani ya kanga yake, kisha anaikunja kanga haraka upande wa ndani.

"Ni vumbi tu," Mama Clarisse alisema.

"Kama unaanguka na mutoto eko hapa, nani anamuchukua?"

Mama Clarisse alishika tena mchi. "Kula kwanza, dada," alisema. "Umetoka mbali."

Bushira alikula. Chakula kilikuwa kitamu.

Siku ya neno, alivaa kitenge chake kizuri kama anayekwenda msibani. Alisema kwa ufupi, maana alijua akirefusha atalia: Sifa aende kwa baba yake, na kila Jumapili bibi na mjukuu waonane kwenye simu ya Bushira, maana Mama Clarisse hakuwa na simu. Darius alifunika uso kwa mikono, akashukuru. Mama Clarisse aliinuka. Kisha akafunga upya kitambaa chake kichwani, akasema, "Nilisema nitalifuata," akatoka nje kumtafuta mtoto.

Hakumtukana Bushira wala hakumnunia. Siku ya safari alimkuta bandarini, akamsalimia kama kawaida. Déogratias, kaka yake Darius, ndiye aliyempeleka mtoto kwa boti hadi Kalemie na kuendelea naye mpaka Lubumbashi. Sifa hakupiga kelele. Alimtazama bibi yake, akamngoja aseme kitu, na bibi, kwa kuogopa kuvunja ahadi yake, hakusema kitu.

Jumapili ya kwanza Sifa hakuja kwenye simu. Ya pili vilevile. "Anajificha nyuma ya nyumba," Darius alisema kwa aibu. "Sijue nifanye nini." Mama Clarisse alikaa mbele ya kile kioo cha simu kilichoonyesha ukuta na pembe ya kiti, akakitazama mpaka simu ilipozimika, akaaga. Kila alipokuja alikuwa amekonda zaidi.

Bushira akamwomba Darius amwachie mtoto simu, yeye na Arlette watoke hadi barabarani. Safari hii Mama Clarisse hakuwepo. Ilichukua muda, kisha nusu ya uso wa Sifa ikaonekana.

"Juu ya nini hautaki kuona koko?"

"Alinitoa."

Bushira angeweza kumweleza habari za vita, za shule, za kikohozi. Lakini mtoto wa miaka tisa hali sababu. Na yeye, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuongeza neno kwenye mdomo wa mtu, akaongeza.

"Sikia, Sifa. Koko alikataa. Alinipigia magoti. Ni mi ndiye nilikutoa."

"We?"

"Mi."

"Uko mubaya."

"Ndiyo, mama."

"Sitaki kukuona tena."

"Hautaniona. Lakini koko, unataka kumuona?"

Sifa alinyamaza. Hakukuwa na mtu wa kuita alo, na Bushira akakiacha kimya kile mpaka kikaiva. Mtoto akaanza kulia kwa sauti, akisema, "Koko, koko," na Bushira akaweka mkono juu ya kioo, mahali palipokuwa na kichwa chake.

Kutoka hapo, kila Jumapili Bushira alipiga namba, akaiegemeza simu, akatoka nje. Alisikia wakicheka, wakisimuliana. Mama Clarisse akimaliza alimrudishia simu kwa mikono miwili, uso umenawiri. Hakuwahi kujua kwamba, katika maneno ya Bushira, aliwahi kupiga magoti. Jaji alileta mashauri mengine, na Bushira aliyapokea, maana watu hawakuacha kugombana. Lakini aliyetaka akatiwe neno alionyeshwa mlango.

Mama Clarisse alikufa kiangazi kilipoingia. Mazishi yalifanyika upesi, mtandao haukuwepo siku ile, na Sifa hakuona kitu. Baadaye Darius alipiga.

"Mutoto anaomba kuona kaburi," alisema, kisha akasita. "Lakini anasema... ule mama asionekane."

"Hataonekana."

Walikwenda Swima, Bushira na Déogratias, ambaye alikwisha kurudi. Déogratias hakuwa na simu ya picha, kwa hiyo Bushira ndiye aliyeishika yake, akiielekeza mbele, yeye mwenyewe nyuma yake. Aliuonyesha msalaba, udongo ambao ulikuwa haujaota majani, na ziwa kule chini. Sifa alizungumza na bibi yake kwa muda mrefu. Alimwambia ameanza shule, kwamba Arlette anamsuka vizuri, kwamba hapendi ugali wa kule. Kisha akauliza, "Juu ya nini simu inatetemeka? Nani anaishika?"

Déogratias alimtazama Bushira. Bushira akatikisa kichwa.

"Ni muntu wa hapa tu," Déogratias alisema.

"Mwambie aksanti," Sifa akasema. "Na anionyeshe tena msalaba."

Bushira akaishika simu kwa mikono yote miwili, akausogelea.