Kamera ya Wazee

Fundi wa kamera wa pale karibu na soko la Malindi ametuchosha mwaka mzima na maajabu yake: kamera ambayo, asema, hata mzee wa macho mabovu ataitumia. Vidude vyote vya kuzungusha ameviziba kwa gundi, akabakisha kitufe kimoja tu, akakipaka rangi ya kucha ya mkewe. Akitaka kuijaribu, huinamisha mgongo kama mzee, hufumba jicho moja na kuitetemesha mikono, kisha hucheka peke yake kwa raha. Wazee wenyewe hajawauliza kitu. Akiwaamkia, shikamoo yake huipaza kama anayeita feri iliyo ng'ambo ya pili. Jumatatu alikuja Bi Kadii, mshona makuti, kupigwa picha. Akaiona kamera mezani, akaishika, akaanza kukipapasa kile kitufe kwa vidole vyake vilivyopinda. Fundi aliruka, akampokonya.

“Usiguse, bibi, utaiharibu!”

Bi Kadii akajipangusa mikono kwa leso, taratibu. “Kwani hii siyo ile ya wazee, mwanangu?”

“Ndiyo hii, bibi!” akajibu kwa sauti ile ile ya kuita feri, huku akiifungia kabatini.