Siku Nilipomngoja Pazi

Ijumaa ile, katika nyumba tuliyopanga wanafunzi wa Kitanzania jijini Khartoum, ugomvi ulikuwa juu ya chumvi. Idrisa alikuwa ameizidisha katika mchuzi wa futari, na Pazi hakumwachia.

“Wanyamwezi walizoea kubeba chumvi ya wenyewe kichwani,” alisema Pazi. “Leo kapata ya kwake, kaimwaga yote sufuriani.”

“Na ninyi Wazaramo mlitungoja pwani tufike na njaa, mtuuzie muhogo mbichi,” Idrisa alimjibu.

Mimi na Idrisa ni watu wa Gongoni, Tabora. Pazi ametoka Kisarawe. Utani wa makabila yetu ni wa tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi, hata aseme nini, hata msibani.

Mimi na Pazi tulikuwa viongozi wa nyumba ile, kwa mpango niliouleta mwenyewe. Nilikuwa naandika tasnifu juu ya maisha ya kisiasa ya mjamaa mmoja wa San Marino, nchi iliyo mlimani, imezungukwa na Italia pande zote, ambayo ingepotea ndani ya wilaya ya Uyui. Alianza kama mchonga mawe, akaongoza chama cha wafanyakazi wenzake, akaingia katika baraza la kutunga sheria, na mara mbili akawa mkuu wa nchi. Huko wakuu huwa wawili. Huitwa makapteni, hutawala miezi sita tu, na hakuna anayeamua pasipo ridhaa ya mwenzake. Wakishang’atuka, raia yeyote anaweza kuwashtaki kwa waliyoyatenda. Niliuona utaratibu huo kuwa ndio uadilifu wenyewe. Wenzangu walicheka, kisha wakakubali nyumba yetu iongozwe hivyo. Tangu hapo Idrisa aliniita Kapteni.

Baada ya futari Pazi alivuka Nile kwenda kulala kwa ndugu yake, Omdurman.

Asubuhi madirisha yalitetemeka.

Tulidhani ni radi. Kisha ndege za kivita zikapita juu ya paa.

Tulilala sakafuni siku hiyo na iliyofuata. Madaraja yalifungwa. Simu ya Pazi haikupatikana. Ndipo jirani yetu, Haji Babikir, aliyekuwa akisafirisha vitunguu, alipogonga lango.

“Nawapeleka watoto wangu Wad Madani, mbali na mabomu,” alisema. “Nafasi ipo kwenye lori. Lakini ni sasa hivi.”

Idrisa alikuwa na begi begani tayari. “Kapteni, twende.”

“Pazi hajasema lolote.”

“Pazi hayupo. Wewe upo.”

“Tulikubaliana kwamba siamui peke yangu. Tungoje hadi jioni, labda simu zitarudi.”

Haji Babikir hakubishana nami. Lori likaondoka. Wenzangu wangeweza kunikaidi wakapanda. Hawakunikaidi, kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha vizuri.

Kesho yake maji yaliisha. Idrisa alichukua dumu aende kwenye bomba la msikitini. Nilimwambia asitoke.

Alitoka.

Kombora lilianguka kabla hajafika.

Tulimzika uani, ndani ya shuka lake.

Pazi alifika baadaye kwa miguu, midomo imempasuka kwa kiu. Alipoambiwa habari za lori, alinishika mabega. “Mlikuwa mnaningoja mimi? Ningesema nini, mtani? Ningesema ondokeni!” Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake isiyo na mzaha.

Mwishowe mabasi yalitufikisha mpakani mwa Ethiopia, na kutoka huko tukarudishwa nyumbani.

Gongoni nilikuta matanga yasiyo na kaburi. Habari ilikuwa imetangulia kwamba Idrisa alikatazwa kutoka, akatoka. Ilikuwa kweli, nami sikuiongezea kitu. Wanawake walinong’ona kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Bi Zuena, mama yake, aliyasikia, akainamisha kichwa.

Nilisimama mbele ya waombolezaji, kwa mfano wa yule mjamaa, nikasema kwamba nilikuwa kiongozi wa nyumba, na mwenye lawama yoyote aitoe.

“Keti, mwanangu,” alisema mzee mmoja. “Ni kazi ya Mungu.”

Nikaketi. Nilikuwa nimefungua mahakama bila kusoma shtaka.

Siku ya kuondoa tanga Pazi alishuka kwenye treni ya kutoka Dar, akaja moja kwa moja msibani. Kama ilivyo desturi ya watani, alijilaza mlangoni akidai jogoo ndipo watu wapite. Alipopewa, aliinuka, akajivika mfuniko wa sufuria kichwani, akapiga honi kwa mdomo.

“Lori hilo limefika!” alipaza sauti. Kisha akaibadili, ikawa sauti yangu hasa. “Ngojeni! Pazi hajasema!” Akaendelea kujiuliza na kujijibu: “Pazi yuko wapi?” “Hajulikani!” “Basi tumngoje!”

Watu walicheka. Bi Zuena hakucheka.

“Lori gani?” aliuliza.

Pazi alivua mfuniko, akanitazama.

Nilimweleza yote.

“Idrisa alitaka kupanda?”

“Ndiyo, mama. Begi lilikuwa begani.”

“Akabaki kwa kuwa ulimwambia abaki.”

“Ndiyo, mama.”

Aliwageukia wanawake wenzake. “Mmesikia? Mwanangu hakuwa mkaidi. Alitii.”

Tasnifu niliimaliza miaka miwili baadaye. Ilinibidi kuirudia habari moja niliyokuwa nimeipita haraka nilipokuwa Khartoum. Vita vya nchi jirani vilipowafikisha wakimbizi mpakani, kapteni mwenzake yule mjamaa alikuwa mgonjwa hawezi kusema. Mjamaa aliufungua mpaka peke yake, na muhula ulipokwisha akaenda mwenyewe kujibu kwa nini alivunja utaratibu. Wakati ule mimi nililiona jambo hilo kuwa doa katika kazi safi. Nililiwekea tanbihi tu.

Pazi hunitania kwa kila kitu isipokuwa lile lori. Alikwisha kulisema mahali pake.

Kila nirudipo Tabora hupita kwa Bi Zuena. Safari iliyopita nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamwuliza kama amenisamehe.

“Keti, ule,” alisema.

Alinipakulia wali na mchuzi, akaketi akinitazama nikila. Mchuzi haukuwa na chumvi, nami sikuiomba.