Dobi aliyeshona Kiingereza ndani ya aproni

Saa mbili kasorobo asubuhi, chumba cha kufulia cha hoteli hii ya ghorofa sita tayari kimeshika joto. Mashine nne zinanguruma, mvuke umetanda mpaka darini, na mwanamke mmoja mfupi anakunja mashuka huku midomo ikimcheza. Ukimtupia jicho mara moja utadhani anasali.

Hasali. Anakariri matumizi ya kitenzi kimoja cha Kiingereza: 'run'.

"Mtu anakimbia, hilo kila mtu analijua," anasema bila kusimamisha mikono. "Lakini maji yakitiririka ni hicho hicho. Pua ikitoka kamasi, hicho hicho. Unaendesha duka, unagombea uongozi, unaishiwa sukari, vyote kitenzi kimoja! Wenye lugha yao walichoka kutunga maneno, wakatuachia sisi kazi."

Wenzake wanamwita Kamusi. Walianza kwa kumkejeli, naye akaitikia mpaka kejeli ikaisha makali. Ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia humu ndani, akifua mashuka kama mia tatu kwa siku. Alisoma hadi darasa la saba. Wasimamizi watatu wamepita, wote wameletwa kutoka nje, na wote ni yeye aliyewafundisha namna ya kutoa doa la mvinyo na mashine ipi haiwaki mpaka ipigwe teke.

Sasa nafasi ya usimamizi iko wazi tena. Ijumaa hii kuna mtihani wa Kiingereza, na Kamusi yumo. Mara mbili zilizopita alinyimwa hata fomu.

Ugomvi wake na kitenzi hicho una miaka minane. Siku hiyo msimamizi alimwamuru aingize blauzi nyekundu ya mgeni pamoja na mashuka meupe. Kamusi alikuwa ameshailowesha ncha na kuisugua kwenye kitambaa cheupe, akaona wekundu umehamia humo. Akakataa.

"Akaniuliza, 'Umesoma kibandiko cha ndani ya blauzi?' Nikasema sijui kusoma Kiingereza. Akasema, 'Basi funga mdomo, fua.'"

Alifua. Mashuka arobaini yakatoka ya waridi, na barua ya onyo akaandikiwa yeye. Jioni alimpelekea bintiye kibandiko alichokinakili herufi kwa herufi. Binti akamsomea: kilionya kwamba rangi huchuja, na kitenzi kilikuwa hicho hicho, 'run'.

"Kibandiko kilikuwa upande wangu, nami sikujua kukisoma!" anasema, na hapo mikono inasimama. "Nililia, nisikufiche. Kisha nikaapa kitenzi kile nitakimaliza kabla hakijanimaliza."

Akaanza kuokota sentensi kwenye magazeti ya wageni na kwenye redio, akiziandika kwenye vikaratasi. Siku moja kikaratasi kimoja kikapigwa pasi ndani ya koti la mgeni. Mheshimiwa yule alikitoa mfukoni katikati ya mkutano, akidhani ni dondoo za hotuba yake, akakuta habari ya mtoto mwenye kamasi.

Meneja akapiga marufuku karatasi chumbani humo.

Alisahau kwamba madobi wana utepe wa kitambaa. Ndio wanaoushikiza kwenye nguo za wageni baada ya kuuandikia namba ya chumba kwa wino usiofutika. Kamusi alinunua wake, akaandika sentensi zake, akazishona upande wa ndani wa aproni. Leo ziko arobaini na moja, mstari chini ya mstari.

"Mimi nilimwambia, shoga, utafukuzwa kazi kwa ajili ya neno moja," anasema mpiga pasi mwenzake. "Akanijibu niangalie nisiunguze kola ya watu."

Mwezi uliopita meneja aliziona. Akamtaka avue aproni kwa kuwa ni mali ya hoteli.

"Nikamwambia, 'Bosi, hoteli imenipa aproni tatu kwa miaka kumi na tisa. Hii nimeishona mwenyewe. Ukiitaka, nilipe ushonaji wangu kwanza.'" Mashine zilikuwa zimezimwa, kila mtu akasikia, na aproni ikabaki kwake. Asubuhi yake akasimama mlangoni kwa meneja na fomu ya mtihani mkononi. Akaambiwa meneja ana kikao. Akasimama. Akaambiwa ametoka kula. Akasimama. Saa tisa alasiri meneja akasaini bila kukaa.

Nyumbani, bintiye humhoji wakikunja nguo. Akikosea, hurudia mpaka nguo ziishe. Kuna sentensi tatu bado zinamsumbua, na anazitaja kwa hasira, kama majirani walioazima sufuria yake wasiirudishe.

Siku ya mtihani aproni itabaki msumarini. "Wasije wakasema nimeibia," anasema. Akipita, barua ya kwanza atakayoandika ni ya kuomba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili lake, na ataiandika kwa Kiingereza.

Na asipopita?

Anaigeuza aproni, anapitisha kidole kwenye mistari iliyofuliwa mara zisizohesabika. Hakuna herufi iliyochuja.

"Wakininyima, waniite waniambie kwa nini, kwa Kiingereza chao. Safari hii nitawajibu."