Vitambaa Chini ya Kanga

Mkeka wa mamangu ulianikwa mbele ya nyumba, upande wa njia wanayopita waendao kisimani. Aliyeuanika ni bibi, mzaa baba. Doa lilikuwa katikati, na kila jirani aliyetupa jicho aliambiwa, "Wa mkaza mwanangu huyo. Kazaa saba, wa nane ni yeye mwenyewe."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka skuli Unguja, na nilikuwa na haya hata kuitikia salamu kulinishinda. Nikaingia ndani nikaandika kwenye daftari juu ya bibi: Namchukia. Neno hilo bado lipo, sijalifuta.

Mama alivuja tangu alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Akikohoa, mkojo. Akiinama kupuliza moto, mkojo. Kwa swala moja alitia udhu mara tatu. Ijumaa ile ilikuwa hitima ya mama yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye alitaka kitu kimoja tu, akae na wanawake wenzake amsomee mamaye.

"Ukawanajisie watu mikeka?" bibi alimwambia.

"Nitakaa mlangoni, mama. Nitasoma kwa ghibu, msahafu sitaushika."

"Kaa jikoni. Jikoni kuna jivu, litanyonya."

Alhamisi nilitumwa Chake kumchukulia mtoto dawa ya homa. Nilimuuliza nesi habari za mama huku nikitazama miguu yangu. Hakucheka. Alisema mimba yenyewe huzilegeza nyuzi za nyama zinazokishikilia kibofu, ili mwili ufunguke. Kisha mtoto akipita huzivuta. Zinahitaji muda kukaza tena.

"Alipumzika arobaini yake?"

Mdogo wetu alizaliwa msimu wa karafuu. Siku ya kumi na mbili bibi alimtwika mama gunia la karafuu mbichi kutoka shambani, akasema wenziwe wanazaa na wanachuma.

"Mlete tumtazame," nesi alisema. "Si uchafu huo. Na wenye hali hiyo ni wengi, hawasemi tu."

Njiani nikawa nawahesabu wanawake wa kwetu. Bibi alizaa tisa. Na nyuma ya choo kulikuwa na kamba yake peke yake, yenye kanga moja isiyoanuliwa, na sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa. Nilipofika niliinua pindo. Vitambaa vilikuwa chini yake, vimekunjwa mara mbili kama vya mama, na harufu ni ile ile.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana niliiondoa kanga nikaviacha vitambaa. Bibi akatoka na birika la kutilia udhu.

"Nani kaondoa kanga yangu?"

"Mimi, bibi."

"Una wazimu?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Hapa havikauki. Nataka nivipeleke kule mbele, ulipouanika mkeka."

Alitazama njia. Wanawake wa hitima walikuwa wameanza kupita, wamejitanda mabuibui, wakisemezana.

"Funika."

"Mama aende kwanza."

Alitema mate karibu na mguu wangu. "Mwambie avae."

Mama alikaa karibu na mlango, juu ya kanga aliyoikunja mara nne, akasoma mpaka mwisho. Hakujua kilichombadilisha mkwewe, na mimi sikumwambia. Wiki iliyofuata tulikwenda naye Chake.

Labda ningemhurumia bibi, maana naye alikuwa mgonjwa. Nilijaribu, sikuweza. Mwanzo nilimdhania mtu asiyejua. Kumbe alijua mapaja yanavyowasha, alijua kuamka kabla ya watu ili afue, alijua kukaa harusini roho juu. Alijua yote hayo, na bado alitafuta mahali penye njia akautandaza mkeka, doa likitazama juu.