Redio Inayokata Akipanda Mke Wangu

Redio ya pikapu yangu niliifunga mwenyewe. Niliishia darasa la tatu, lakini nyumba ya hapa Nakwa ni yangu na gari ni langu, sikuona sababu ya kumwita mtu kwa kazi ya waya. Iliimba vizuri. Halafu ikaanza kukata, na ilikata nikiwa na mke wangu tu.

Fundi wa karibu na soko alibadilisha fyuzi, akaliendesha gari peke yake hadi Singe na kurudi. Haikukata. Akanitania kwamba gari halina ugonjwa, labda mama ndiye asiyependa muziki.

Mimi sikucheka. Redio ikinyamaza, mke wangu anaanza, na jambo lake ni moja: niache kuendesha, macho yangu yamekwisha. Nyumbani ningetoka nikaangalie ng'ombe. Ndani ya gari utakimbilia wapi? Umeshika usukani, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, naye yuko ubavuni. Wala hagombi. Anasema taratibu, kama anachambua maharage.

"Juzi ulipunguza mwendo umsalimie shemeji yako," aliniambia. "Lilikuwa gunia la mkaa, baba."

Nikamwambia ni jua lilinipiga machoni.

Siku moja tukiwa bado uani redio ilikata mara tu alipokaa. Nikamwambia ainuke. Ikaimba. Akakaa, ikanyamaza. Hapo nikajua: waya niliupitisha chini ya siti yake, na chuma cha siti kikishuka kinaubana. Nikazima gari, nikamshusha, nikapiga magoti mlangoni na utepe wa umeme mkononi nitafute palipochubuka. Nikavuta waya, nikausogeza machoni, kisha mbali. Niliona waya mweusi tu. Nikapapasa tena na tena, magoti yakauma.

Alisimama nyuma yangu muda wote. Mwishowe akainama.

"Hapa," akasema, akaweka kidole.

Akauchukua utepe mkononi mwangu, akaufunga mwenyewe, akausogeza waya pembeni ya chuma.

Tukaondoka redio ikiimba, na safari hii haikukata. Mke wangu alitazama mbele. Tulipofika kwenye lami nikasimama. Kulia palikuwa na kitu, au kivuli. Kushoto sikuwa na hakika. Nikapunguza sauti ya redio.

"Kuna kinachokuja?"

"Bodaboda," akasema. "Ngoja."

Nikangoja.

"Haya, pita sasa."