Nilihamisha nyimbo za mke wangu kutoka Windows kwenda Mac, nikabeba title deed nikaacha shamba

Wakuu, hamjambo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Mkitaka kucheka, chekeni. Nimeshachekwa na mwenye haki zaidi yenu.

Siku Mutwiri aliponiambia, "Mzee, lete hiyo project kwa Mac yangu niimalizie," ilifaa nikatae. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mutwiri ni producer, ana studio Meru mjini. Mimi nalima ndizi hapa Mitunguu. Store ya ndizi nilikuwa nimeigeuza studio: blanketi ukutani, mic moja, na kompyuta ya Windows iliyonguruma kama posho mill inayosaga mahindi.

Msanii wangu alikuwa mmoja tu, mke wangu, Mama Kendi, mzaliwa wa Ishiara. Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, na daktari alituonya kwamba operesheni inaweza kumharibia sauti. Ndiyo maana tukarekodi kwanza, zile nyimbo za Kimbeere alizofunzwa na mama yake.

Operesheni ilienda vizuri. Sauti haikurudi. Siku hizi anaongea kama mtu anayekuambia siri.

Sasa, Mutwiri alinielekeza vizuri kabisa. "Usilete project file peke yake. Toa kila track kama faili la sauti, WAV, zote zianzie mwanzo."

Lakini mimi ni mtu wa Form Four, tena nimefunza kwaya nzima kutumia mixer. Nitafunzwa nini na Mutwiri?

Nikachukua lile faili lenye jina la project, nikalitia kwa flash. Likaingia kwa kufumba na kufumbua. Nikajisifu: hii flash yangu ni kali!

Wale wa studio mmeshashika kichwa. Kwa wengine, niseme hivi: lile faili halina sauti ndani. Linaonyesha tu sauti ziko folder gani. Ni title deed, hati tu. Shamba liko kwingine.

Nikatuma flash Meru. Kabla Mutwiri hajaifungua, tukaenda Ishiara kutoa shukrani ya operesheni katika kanisa la kwao Mama Kendi. Tulikuwa tumeamua kutoa ile kompyuta, itumike katika ofisi ya kanisa hilo.

Na kitu cha shukrani hakipelekwi kichafu. Hata mbuzi wa kanisa huoshwa kwanza. Basi kabla ya safari nami nikaiosha: nikaiformat, nikafuta kila kitu, ikang'aa.

Siku chache baadaye Mutwiri akapiga simu.

"Mzee, majina ya track nayaona. Hata pale ulipokata napaona. Lakini yote ni tupu. Folder ya audio iko wapi?"

"Nimempa Mungu," nikamjibu. Haikuwa mzaha.

Niliporudi Ishiara, karani wa kanisa alikuwa ameshaijaza mashine video za harusi na mahubiri. Tukaipeleka kwa fundi Embu mjini. Alijaribu kila njia, akapata kipande kimoja kifupi.

Nyumbani nilimweleza Mama Kendi nikiangalia viatu vyangu. Akacheka kwa ile sauti yake ya upepo.

"Baba Kendi, miaka yote umesema napiga kelele. Si sasa umepata kimya?"

Kisha akaenda kulisha kuku. Kuku walikuwa wameshakula.

Nilichojifunza: beba folder nzima, toa hizo WAV hata kama zinachosha, na usifute kitu mpaka upande wa pili ucheze nawe usikie kwa masikio yako.

Kama kuna anayejua njia nyingine ya kurudisha mafaili yaliyoandikiwa mengine juu yake, aseme hapa chini. Wa kunitukana pia mkaribie, nimezoea.

Kile kipande cha fundi ninacho kwa simu. Ni mimi nasema, "Rudia, Mama Kendi, hapo hujafanya vizuri." Halafu yeye anavuta pumzi aanze. Kinakatika hapo.

Kiburi changu kilinigharimu sauti ya mke wangu. Imebaki hiyo pumzi.